UZI: Endometriosisi, damu iliyonasa nyongani na kutafuta mtoto. Je, vidonge vya "kusafisha mayai" vinasaidia?

Mtu wa Maabara (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Swali moja linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Nina endo, nimeambiwa mayai yangu yamechakaa kwa sumu, ninunue antioksidanti gani?" (yaani vitu vinavyozima hiyo sumu). Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya uzazi. Napokea mayai yakitoka kwa daktari, nayatunza mpaka yawe viinitete. Si daktari na siandiki dozi. Ila watu wanauziwa nusu ya habari, na hiyo nusu ni ya kweli, ndiyo maana inauzika haraka.

Tuanze na endo yenyewe. Ni tishu inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba, ila imeota pasipo pake: kwenye ovari, kwenye utando unaofunika viungo vya nyonga, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake na wasichana milioni 190 wanayo, yaani karibu asilimia 10 ya walio kwenye umri wa kuzaa. Inafikaje huko? Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya Mmarekani John Sampson, ya miaka ya 1920: damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni. Shida ni kwamba damu kurudi nyuma hutokea kwa wanawake walio wengi, na wengi wao hawapati endo kabisa. Kwa hiyo kinga ya mwili, homoni na kurithi navyo vimo.

Sasa hiyo "sumu". Damu ikimwagika pale haina pa kutokea. Chembe nyekundu zinapasuka, hemoglobini inatoka, na ndani ya hemoglobini kuna madini ya chuma. Mwili una seli za ulinzi, makrofaji, ambazo humeza mabaki na kukifungia hicho chuma mahali salama. Kwa mwenye endo mzigo unazidi uwezo wao. Maji ya nyongani mwake yakipimwa yanakutwa na chuma kingi kuliko ya asiye na ugonjwa. Chuma kisichofungwa kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo kila seli huitengeneza kidogokidogo katika kazi zake, inazaliwa radikali ya haidroksili, chembe kali isiyotulia. Hii haichagui pa kupiga: mafuta ya kuta za seli, protini, hadi DNA. Kemia yenyewe si ngeni, Mwingereza Henry Fenton aliieleza mwaka 1894. Radikali zikizalishwa kuliko mwili unavyoweza kuzizima, hapo ndipo tunasema kuna mkazo wa oksidesheni.

Na haiishii hapo. Mkazo huo unaamsha seli za ulinzi zaidi, zinamwaga kemikali za kuvimbisha, prostaglandini zinapanda (maumivu hayo), mishipa mipya ya damu inaota, tishu inanenepa, na mwezi unaofuata inavuja damu tena. Chuma kipya juu ya cha zamani.

Anayetaka kuona chuma hicho kwa macho aangalie sisti ya chokoleti, ile ya kwenye ovari. Sindano ikiigusa bahati mbaya wakati wa kuvuna mayai, kwenye bomba kinapanda kioevu kizito cha kahawia iliyokolea, kinateleza polepole na kuacha alama kwenye kuta. Ni damu ya mizunguko mingi iliyozeekea humo. Ndiyo maana daktari makini huizunguka sisti bila kuipasua: inaweza kuleta maambukizi na inachafua maji ya mayai. Yai likija na kioevu hicho, tunalihamisha na kuliosha mara moja.

Karibuni kwa maswali. Wauza vifurushi, naomba mpite kimya.

Binti Subira

Asante mkuu, leo nimeelewa kitu ambacho madaktari walinipitisha juu juu. Mimi niliambiwa miaka mingi kwamba maumivu ya hedhi ni kawaida, "ukizaa yataisha". Mwisho wa siku ikaonekana ni endo, hatua ya kwanza tu. Mirija iko wazi. Mume kapimwa, yuko sawa. Yai linapevuka kila mwezi. Sasa kama kila kitu kiko wazi, mimba inakwama wapi?

Mtu wa Maabara

Dada Subira, kwanza usiichukulie hiyo "hatua ya kwanza" kama kipimo cha uzito wa shida yako. Hatua nne za endo zinahesabu kile mpasuaji anachokiona: vidonda vingapi, vikubwa kiasi gani, viungo vimenatana kiasi gani. Hazitabiri vizuri maumivu, wala hazitabiri vizuri nani atashika mimba. Mtu wa hatua ya nne anaweza kuwa na mirija iliyonatana na asiumwe hata kidogo. Wa hatua ya kwanza akawa analazwa kila mwezi. Kwa habari ya mimba kuna kipimo kingine kinachoitwa EFI, cha mwaka 2010. Hicho kinatazama umri, umetafuta kwa muda gani, uliwahi kushika mimba au la, na hali ya mirija na vidole vyake (ncha zake za kudakia yai) baada ya upasuaji. Kama umefanyiwa laparoskopi (upasuaji wa matundu kwa kamera), uliza alama yako ya EFI ni ngapi.

Kuhusu inapokwama, si pahali pamoja.

Yai halikui peke yake. Limezungukwa na seli ndogo zinazolilisha, na seli hizo zikipigwa na radikali zinakufa mapema. Ndani ya yai kuna nyuzi zinazozigawa kromosomu kabla ya kurutubishwa, nazo ni laini mno kwa mkazo wa aina hii. Yai likitoka kwenye ovari linapita kwenye maji yaleyale ya nyongani. Mbegu nazo zinapandia kwenye mirija iliyolowana na maji hayo. Kwenye majaribio ya maabara, maji ya nyongani ya mwenye endo yamepunguza mwendo wa mbegu na kuvunjavunja DNA yake. Halafu kuna ukuta wa mji wa mimba: kwa wengi wenye endo hauitikii homoni ya projesteroni inavyotakiwa, kwa hiyo kiinitete kinafika na kukuta kitanda hakijatandikwa sawasawa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye picha ya mirija.

Ipi kati ya hizo ina uzito zaidi? Wahispania walilichunguza hili kwa njia ya busara kwenye mizunguko ya mayai ya kuchangiwa. Mwenye endo akipewa mayai ya mchangiaji asiye nayo, anafanya vizuri karibu sawa na wengine. Mayai yakitoka kwa mwenye endo kwenda kwa asiye nayo, yanajishikiza kwa shida zaidi. Maana yake lawama kubwa inaangukia upande wa yai. Lakini usiogope kupita kiasi, kwa sababu viinitete vya wenye endo vikipimwa kromosomu, vibovu si vingi kuliko vya wenzao wa umri uleule. Mayai "yaliyooza" ni maneno ya muuzaji.

Kwa hesabu: wenza wasio na tatizo wana nafasi ya asilimia 15 hadi 20 kila mwezi. Kwenye endo isiyotibiwa inatajwa asilimia 2 hadi 10. Ni ndogo, lakini si sifuri, na ndiyo maana wengi wenye endo wanazaa bila kupita kwetu kabisa.

Ua la Asubuhi

Mimi naomba nisaidiwe hapa kwenye kifurushi. Niliuziwa mtandaoni: vitamini E, vitamini C, Q10, melatonini na chupa moja ya majani isiyo na maelezo yoyote. Huyo dada aliyeniuzia akaniambia pia niache vidonge vya chuma kwa sababu chuma ndicho kinacholisha endo. Na mimi damu yangu huwa chini kila mara. Nimeacha tangu mwezi jana, sasa nikipanda ngazi moyo unakimbia.

Mtu wa Maabara

Hapo ndipo nusu ya habari inapomuumiza mtu. Dada, rudi kwa daktari wiki hii upime damu, na kama imeshuka utarudishiwa chuma chako. Chuma kinachozungumzwa kwenye endo kinatoka kwenye damu iliyovuja ndani ya nyonga. Hakitoki kwenye kidonge ulichomeza. Kinachopita tumboni kinadhibitiwa na utumbo na ini, kinapelekwa kutengeneza damu. Mwenye endo mara nyingi anatokwa na damu nyingi, kwa hiyo ndiye anayekihitaji zaidi. Kuingia kwenye ujauzito ukiwa na upungufu wa damu ni kumwongezea mtoto na wewe hatari ambayo ingezuilika kwa urahisi. Na moyo kukimbia kwenye ngazi si jambo la kulilalia.

Kuhusu hivyo vingine, nitenganishe.

Maumivu: kuna majaribio madogo ambapo vitamini E na C kwa pamoja zilipunguza maumivu ya nyonga kwa baadhi ya wanawake. Madogo, lakini yapo.

Mimba: hapo ushahidi ni dhaifu. Tafiti zilizokusanywa kuhusu antioksidanti kwa wanawake wanaotafuta mtoto nyingi ni ndogo, zimefanywa kwa namna tofauti, na hazitoshi kumwambia mtu "meza hiki utazaa". Q10 na melatonini zinaingia kwenye kapu hilohilo.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Radikali si adui moja kwa moja. Yai linahitaji kiasi chake ili kifuko kipasuke na litoke. Mbegu inahitaji kiasi chake ili iweze kulipenya yai. Ukizizima zote kwa dozi za kupindukia huna uhakika unachokisaidia ni kipi. Mfano mzuri uko upande wa ujauzito: Uingereza waliwapa wajawazito waliokuwa kwenye hatari ya kifafa cha mimba vitamini C miligramu 1,000 na E vizio 400 kwa siku, wanawake kama 2,400, matokeo yakachapishwa 2006. Kwenye makaratasi wazo lilikuwa safi kabisa, kwa sababu kwenye kifafa cha mimba mkazo wa oksidesheni upo. Vidonge havikuzuia ugonjwa, na watoto wenye uzito mdogo wakawa wengi zaidi upande wa waliomeza vitamini.

Vitamini A ya aina ya retinoli ni hadithi nyingine. Zaidi ya vizio 10,000 kwa siku wakati wa mimba inaweza kumharibu mtoto viungo. Soma nyuma ya chupa. Isiyo na maelezo, hiyo ya majani, usiimeze kabisa.

Kinachofahamika bila ubishi ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba na miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo ni kwa ajili ya uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, haihusiani na endo, lakini nashangaa kwenye kifurushi chako haikuwemo.

Msema Kweli

Mkuu umeandika kemia nzuri lakini mwisho wake naona hakuna dawa. Chuma, radikali, makrofaji, sawa. Halafu? Sisi tunataka mtoto, hatutafuti digrii.

Mtu wa Maabara

😂 Haya. Kinachosaidia ni kukata chanzo, au kuliepusha yai na mazingira hayo. Kupambana na radikali moja moja baada ya kuzaliwa ndiko kusikofika mbali.

Kukata chanzo ni upasuaji wa matundu, kuondoa au kuchoma vidonda. Mwaka 1997 Kanada walichapisha jaribio la wanawake 341 wenye endo ya hatua ya kwanza na ya pili. Wote waliingizwa kamera, lakini nusu waliondolewa vidonda na nusu wakaachwa navyo. Baada ya wiki 36 za kufuatiliwa, mimba zilizovuka wiki 20 zilikuwa karibu asilimia 31 kwa walioondolewa na 18 kwa walioachwa. Waitaliano walirudia kwa watu wachache na hawakuiona tofauti hiyo. Kwa hiyo faida ipo, ila si ya miujiza, na ni wengi wanaofunguliwa bila faida kwa kila mmoja anayepata mimba kwa sababu yake.

Sisti ya chokoleti ndiyo inayohitaji kichwa kutulia. Ukiikwangua, unaondoa ghala la chuma, lakini unaondoa na ganda la ovari lenye mayai ya akiba. AMH, homoni inayopimwa kukadiria mayai yaliyobaki, hushuka baada ya hapo, na sisti zikiwa pande zote mbili hushuka zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unasema usiikate kwa mazoea kabla ya IVF (kurutubisha yai maabara) kwa lengo la kuongeza nafasi ya mtoto. Inakatwa kama inauma sana, kama inaziba njia ya sindano, au kama sura yake inatia shaka. Mtu akikuambia "tuiondoe tu" kabla hata hajapima AMH yako, mwambie asubiri.

Homoni za kufunga hedhi zinapunguza damu na maumivu, kwa hiyo kwa anayeumwa na hatafuti mtoto sasa ni dawa nzuri. Kwa anayetafuta mtoto, zinafunga yai pia. Kuzimeza miezi sita "kusafisha kwanza" halafu ndipo uanze kujaribu hakujaonyesha kuongeza mimba. Ni miezi sita ya umri imeondoka.

IVF inaliepusha yai: tunalichukua kabla halijaogelea kwenye maji ya nyongani wala kupita kwenye mrija.

Baba Mtarajiwa

Nipo pembeni nasoma tangu mwanzo. Shemeji zangu samahani kuingilia, sisi wanaume tunafanya nini zaidi ya kulipa?

Mtu wa Maabara

Swali zuri kaka, na kujibiwa ni rahisi. Pima mbegu mapema, usisubiri mke amalize vipimo vyake vyote. Kama unavuta sigara acha, maana moshi ni kiwanda cha radikali na mbegu haina uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Mbegu dhaifu ikitumwa kwenye nyonga yenye endo inakutana na tatizo mara mbili. Kutengeneza mbegu mpya ni kama miezi miwili na nusu hadi mitatu, kwa hiyo ulichoacha leo utakiona baadaye.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimesoma nimefurahi. Mmezungumza sana kabla ya mimba, niruhusuni niseme ya baada yake kwa mistari miwili.

Wengi wenye endo wanabeba salama na kujifungua salama. Lakini hatari fulani zimepanda kidogo, na mjamzito akizijua anakuja mapema. Mimba kuharibika miezi ya mwanzo. Mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia. Kujifungua kabla ya wakati. Kupasuliwa. Kifafa cha mimba kinatajwa pia, ila hapo tafiti zinapishana.

Kwa hiyo usije kliniki wiki ya kumi na mbili ukadhani uko mapema. Wiki ya sita au ya saba uonekane mimba iko ndani. Ukiona maumivu ya upande mmoja, damu, kizunguzungu au maumivu ya bega, usiulize mtandaoni, nenda. Ukifika kipimo cha wiki ya ishirini, mwambie anayepima: "Nina endo, naomba uniangalie kondo limekaa wapi." Aseme na kuandika.

Jambo la nadra lakini nimelishuhudia kazini: mimba imekua, nusu ya pili, mama anapata maumivu makali ya ghafla ya tumbo, anakuwa mweupe, mapigo yanakimbia, ukeni hakuna hata tone. Damu inavujia ndani kutoka kwenye mishipa ya sehemu zenye endo. Watu walidhani ni kondo kubanduka. Mama akitamka kwamba ana endo, anawafupishia madaktari njia.

Na sisti ya chokoleti kwenye mimba inaweza kubadilika sura kwenye ultrasaundi kwa sababu ya projesteroni, ikaota vinundu vyenye damu vinavyofanana na saratani. Mara nyingi si saratani. Itafuatiliwa na mwenye uzoefu, usikimbilie kisu.

Halafu hilo la "ukizaa yataisha". Miezi hiyo hedhi haipo, wengi wanapumzika. Hedhi ikirudi, kwa wengi ugonjwa nao unarudi. Msimshauri binti abebe mimba kama dawa.

Binti Subira

Shikamoo mama, Mungu akuweke. Mkuu Mtu wa Maabara, la mwisho. Nina miaka 34. Naambiwa nisubiri mwaka mzima ndipo nirudi. Nisubiri?

Mtu wa Maabara

Mwaka mmoja ni kanuni ya mtu wa chini ya miaka 35 asiye na sababu inayojulikana. Wewe sababu yako inajulikana. Rudi sasa, uende na ripoti ya upasuaji kama unayo, omba AMH na kuhesabiwa vifuko kwa ultrasaundi ya ukeni, uliza EFI. Na muulize daktari kama alitazama ukuta wa mji wa mimba kwa ajili ya adenomayosisi (tishu kama hiyo kuota ndani ya msuli wa mji wa mimba), maana inatembea sana na endo na ina mchango wake kwenye mimba kuharibika. AMH ikiwa chini usilie: inahesabu mayai yaliyobaki, haisemi ubora wake, na haikuambii kama utashika mwenyewe au la. Inakuambia tu muda wa kupanga ni mrefu au mfupi.

Ua la Asubuhi

Nimepima. Damu (hemoglobini) iko 8.2. Nimerudishiwa chuma na foliki asidi. Daktari kaniambia nimletee chupa zote azione. Ile ya majani kaishika, kaigeuza, akaniuliza "hii ina nini?" Nikamwambia hata aliyeniuzia hajui.

Msema Kweli

Tumpe jina la huyo muuzaji?

Mtu wa Maabara

Hapana mkuu, majina hapa hatutaji. Dada Ua, 8.2 ni ya kupandisha kwanza kabla ya kuanza kujaribu. Endelea na chuma hata ukianza kujisikia vizuri, akiba inachukua miezi kujaa, na upime tena tarehe aliyokupa.